Majirani Wawili na Kombe Moja

Mto Blackwater si mto mkubwa. Penye daraja la mji mdogo wa Moy, kijana mwenye mkono imara aweza kurusha jiwe likatua ukingo wa pili, na mtu aendaye kwa miguu huvuka kabla salamu hazijakwisha. Upande mmoja ni Moy, katika kaunti ya Tyrone. Upande wa pili ni Charlemont, katika kaunti ya Armagh. Zote mbili zimo katika Ireland ya Kaskazini. Wakazi wa kingo hizi hununua mkate pamoja, huoana, huzikana, na hukopeshana ngazi na toroli. Lakini katika mwezi wa Septemba 2003 mto ule mdogo ulipanuka sana machoni pa watu. Jumapili ya tarehe 28 Armagh na Tyrone zilikuwa zikutane katika uwanja wa Croke Park, mjini Dublin, kuwania ubingwa wa Ireland nzima katika mpira wa Kigaeli. Na majuma yaliyotangulia siku ile yalikuwa ya furaha kubwa na usingizi mchache.

Mchezo wenyewe wafaa uelezwe kwa msomaji ambaye hajapata kuuona. Kila timu huwa na watu kumi na watano. Mpira ni wa mviringo, nao huchezwa kwa mikono na miguu pia: mchezaji huudaka, hukimbia nao hatua nne, kisha hana budi kuudundisha chini, au kuupiga kwa ncha ya mguu ukamrudia mkononi, au kumpa mwenziwe kwa teke au kwa ngumi. Milingoti ya goli ni mirefu, na mpira waweza kupita chini ya mwamba au juu yake. Ukipita chini ni goli, lenye thamani ya pointi tatu; ukipita juu ni pointi moja. Tangu 2025 mpira uliopigwa kwa teke kutoka mbali hupewa pointi mbili, lakini mwaka ule hesabu ilikuwa bado ya kale. Magoli huandikwa kwanza na pointi baadaye, hata mgeni asomaye 1-12 dhidi ya 0-14 hudhani mwenye kumi na nne ndiye mshindi, na hushangaa kuambiwa kwamba ameshindwa kwa pointi moja.

Wachezaji hawa hawalipwi mshahara. Chama kinachoutawala mchezo kiliundwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na mpaka leo mchezaji bora wa nchi huamka Jumatatu akaenda kufundisha, kuchunga, kujenga au kuuza bima. Wala hauzwi wala hanunuliwi. Aghalabu huchezea kilabu cha parokia alimozaliwa, na akiwa hodari huitwa kuichezea kaunti yake. Hapa ndipo penye siri ya mapenzi ya watazamaji. Anayeipenda timu ya kununuliwa hupenda rangi ya fulana; watu wa Tyrone na Armagh humpenda kijana waliyemjua akiwa na makamasi, mtoto wa mwenye duka, ndugu wa binti aliyeolewa kwao. Akikosa mpira, aliyekosa ni mtu wa nyumbani.

Tena kuna jambo la ajabu kidogo. Kaunti hizo, kwa upande wa serikali, zilikwisha kufa. Mwaka 1973 Ireland ya Kaskazini iligawanywa upya katika wilaya 26, na mabaraza ya kaunti za zamani yakavunjwa. Hakuna karani tena wa kaunti ya Tyrone, wala mweka hazina wa Armagh. Hata hivyo, mwulize mtu wa Moy yeye ni wa wapi: hatataja wilaya iliyochorwa na wakubwa. Atataja kaunti, na akilini mwake itakuja fulana nyeupe yenye nyekundu. Mabaraza yalishindwa kuishi. Mpira ukaiweka mipaka hai.

Kwa muda wa zaidi ya karne moja fainali ya namna hii haikuwa imewezekana. Bingwa wa kila jimbo ndiye pekee aliyekwenda mbele, na kwa kuwa Armagh na Tyrone zote ni za jimbo la Ulster, mmoja alikuwa lazima amtoe mwenziwe mapema. Mwaka 2001 sheria zilibadilishwa, na aliyeshindwa jimboni akafunguliwa mlango wa nyuma. Armagh, mabingwa wa Ireland wa mwaka 2002, walifungwa na Monaghan katika mchezo wao wa kwanza wa 2003. Wakashika njia ndefu ya mlango ule, wakashinda mmoja baada ya mmoja, hata wakafika fainali. Huko wakamkuta jirani amekwisha kuketi. Ilikuwa mara ya kwanza timu mbili za jimbo moja kugombea kombe la Sam Maguire.

Hamu ya watu haikuanza mwezi ule wa Septemba. Armagh walikuwa wamefika fainali mwaka 1953 wakashindwa na Kerry, siku ambayo walikosa penalti. Wakafika tena 1977 wakapondwa na Dublin. Miongoni mwa wachezaji wa 1977 alikuwamo Joe Kernan, ambaye miaka ishirini na mitano baadaye alikuwa ndiye kocha. Katika fainali ya 2002, wakati wa mapumziko, vijana wake wakiwa nyuma, aliwaonyesha zawadi ndogo aliyopewa kwa kushindwa mwaka ule, kisha akaitupa ukutani. Walirudi uwanjani wakashinda kwa pointi moja.

Nao Tyrone? Tyrone hawakuwa na lolote. Mwaka 1986 waliongoza kwa pointi saba dhidi ya Kerry katika fainali, na watu walikuwa wameanza kukumbatiana. Kerry wakaamka, uongozi ukayeyuka wote. Mwaka 1995 walishindwa na Dublin kwa pointi moja. Siku hiyo Peter Canavan alitia pointi kumi na moja katika kumi na mbili za timu yake, na pointi ambayo ingaliwaokoa mwishoni ilikataliwa na mwamuzi kwa kuwa Canavan, alipoanguka, aliugusa mpira ulioko chini kwa mkono. Miaka minane watu wa Tyrone waliuzungumza mkono ule. Kuna wazee waliokuwa wakipima umri wao kwa swali moja tu: je, kombe litakuja kabla yao kwenda kaburini?

Basi na ifikiriwe hali yao mwaka mzima tangu Armagh walipotwaa ubingwa. Maskini anaweza kumvumilia tajiri wa mbali, maana hasikii harufu ya chakula chake. Lakini jirani aliyekuwa maskini pamoja nawe, akatajirika ghafla, huyo ni mtihani. Kerry walikuwa na makombe mengi kupita hesabu, na kushindwa na Kerry ni kama kunyeshewa na mvua. Armagh walikuwa na moja tu, lakini lilikuwa ng'ambo ya daraja. Kila aliyevuka kwenda kutazama ng'ombe au kununua dawa alikutana na bendera za rangi ya chungwa, na mtani aliyemwuliza kwa upole usio wa kweli kwamba Tyrone wao watachukua lini. Kwa Tyrone kushindwa Jumapili ile kungalikuwa kushindwa mara mbili. Kwa Armagh nako kulikuwa na hofu yake, ingawa waliificha vizuri zaidi: mwenye kombe moja akinyang'anywa na jirani hana tena la kumringia, na utani wote aliouuza kwa mwaka mzima utarudishwa kwake pamoja na faida.

Juu ya hofu hizi kulikuwa na kifundo cha mguu. Canavan, nahodha wa Tyrone, mwalimu wa shule, mtu mfupi wa kimo aliyekuwa amebeba matumaini ya kaunti tangu ujana wake, aliumia katika nusu fainali dhidi ya Kerry. Tyrone walishinda bila yeye, lakini watu walitoka uwanjani wakiuwaza mguu ule kuliko ushindi wenyewe. Majuma yakapita, je, atacheza? Katika maduka, makanisani na katika foleni za benki kila mtu akawa tabibu. Huyu aliapa kwamba binamu yake amemwona akitembea bila kuchechemea. Yule alisikia kwamba hawezi hata kuvaa kiatu. Kocha wa Tyrone, Mickey Harte, hakuwa mtu wa kumwaga maneno. Nao Armagh wakashuku kwamba ugonjwa wote ni hila. Mguu wa mtu mmoja ulijadiliwa kwa bidii ambayo mabunge mengi hayana.

Msomaji hana haja ya kuwekwa roho juu. Canavan alianza mchezo, akatolewa baada ya mapumziko, akarudishwa dakika za mwisho akiwa na maumivu yake. Conor Gormley akajitupa kuuzuia mpira wa Steven McDonnell uliokuwa ukielekea golini. Tyrone wakashinda 0-12 kwa 0-9 mbele ya watu zaidi ya 79,000. Walichukua tena 2005, 2008 na 2021, na Armagh wakangoja hadi 2024 kupata kombe lao la pili. Lakini matokeo husomwa kwa dakika moja. Kungoja ndiko kulikochukua nafasi katika maisha ya watu.

Kulikuwa na taabu ya tikiti. Tikiti za fainali hupitia kwa vilabu, na kilabu cha parokia hupewa chache kuliko familia zilizomo. Katibu wa kilabu, ambaye kwa miezi kumi na moja hakuna anayemkumbuka ila nyasi za uwanja zikirefuka, hugeuka mtu wa kuamkiwa kwa heshima. Watu waliokuwa hawasemi naye tangu ugomvi wa ua la shamba humpelekea mayai. Yeye naye hupima: huyu amefua fulana za watoto kwa miaka ishirini, yule ni tajiri lakini haonekani wakati wa mvua. Ni hukumu ngumu, na si ajabu makatibu wengi walionekana kuzeeka mwezi ule wa Septemba.

Zilikuwako pia nyumba zilizogawanyika. Mwanamke wa Tyrone aliyeolewa ng'ambo huwa amepika, amezaa na amezika Armagh, na hakuna aliyemwuliza asili yake kwa miaka. Ghafla juma lile akawa mgeni mezani pake. Watoto wake wakavaa rangi ya chungwa. Mumewe akatania, kisha akanyamaza alipoona kwamba utani umefika mahali penye kidonda. Kwake haikuwa suala la mpira peke yake. Marehemu baba yake alikuwako uwanjani mwaka 1986, naye aliona kwamba asipoitakia Tyrone heri hakuna mwingine katika nyumba ile atakayemkumbuka mzee.

Rangi ya chungwa ina jambo lake. Katika kaunti hiyohiyo ya Armagh, mwaka 1795, ndimo kilimozaliwa chama cha Waprotestanti kinachojiita kwa rangi hiyo, na wengi wa wanachama wake hawana habari na mpira wa Kigaeli, ambao kaskazini hushikwa zaidi na Wakatoliki. Hivyo katika barabara moja nyumba hii ilipambwa na nyumba ile ikafunga madirisha. Si busara kudai kwamba bendera za mpira ziliwaunganisha watu wote, hazikuwaunganisha. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka thelathini ya mauaji, na mkataba wa amani ulikuwa wa 1998 tu. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, bomu liliua watu 29 mjini Omagh, katika Tyrone. Huko Crossmaglen, kusini mwa Armagh, jeshi la Uingereza lilikuwa limejenga ngome kando ya uwanja wa kilabu, na helikopta zilipita juu ya vichwa vya watoto wakicheza. Ukiyakumbuka hayo, neema ya Septemba ile yaonekana: watu waliozoea kuuliza kwa minong'ono nani ni wa upande gani sasa waliulizana kwa sauti kubwa sokoni, na jibu halikumwua mtu.

Jumapili ikafika. Wengi walikuwa wamekwisha sali jioni ya Jumamosi ili njia ya Dublin, yapata kilomita 130 kutoka mji wa Armagh, waishike mapema. Magari ya rangi mbili yalifuatana katika barabara moja, watoto wakipungiana bendera kwa ushindani madirishani, vikapu vya mikate na chupa za chai miguuni. Daraja la Moy likabaki tupu kuliko siku ya mazishi.

Katika kila kijiji huwako mzee asiyekwenda, na asiyetazama hata nyumbani. Alitazama 1986, wakashindwa. Alitazama 1995, wakashindwa. Amekwisha kuamini, ingawa haungami mbele ya padri, kwamba macho yake ndiyo yenye mkosi. Mzee wa namna hii, mpira unapoanza, huzima redio, huvaa viatu vya mpira, hushuka kwenda kuwahesabu ng'ombe aliokwisha kuwahesabu asubuhi. Huwahesabu tena. Kisha husimama ukingoni, mto ukipita taratibu mbele yake, na husikia ukelele mkubwa kutoka nyumba za ng'ambo, asijue kama ni wa furaha au wa uchungu, wala asithubutu kuvuka kuuliza.