Mateke ya Punda

Hapana mwalimu wa Kiswahili asiyepata kuifundisha methali isemayo kwamba shukrani ya punda ni mateke. Sisi nasi tumeifundisha kwa miaka mingi, na kila tuiandikapo ubaoni hutujia kumbukumbu ya Kismayo, na ya mnyama mmoja tuliyemdhulumu kwa nia njema.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka 1997. Mvua za vuli, zilizotiwa nguvu na El Niño, zilinyesha pasipo kiasi. Mto Juba ukavunja kingo zake na kuzamisha mashamba na vijiji vya bondeni. Mjini kwetu njia ziligeuka matope. Hata hivyo watu hawakuacha kuhitaji maji ya kunywa, wala punda wetu hakupata kupumzika. Kila siku alivuta gari lenye mapipa ya maji, miguu ikizama topeni hadi vifundoni, na riziki ya nyumba nzima ilitegemea miguu hiyo minne.

Sisi, tuliokuwa na umri wa miaka 16, ndio tuliokabidhiwa kumtunza. Kila jioni tulimwosha miguu kwa maji mengi, tukaisugua mpaka lisisalie tope hata chembe, kisha tukamfunga uani, palipokuwa chepechepe. Tulijiona watunzaji hodari. Siku chache baadaye vigaga vilitokea nyuma ya vifundo, nywele zikagandamana, na chini yake pakatoka usaha. Nasi tukazidi kusugua. Ndipo jioni moja alipotupiga teke la paja lililotulaza siku tatu, tukasema kwa hasira kwamba kweli punda hana shukrani.

Jirani yetu, mzee wa Kibajuni aliyefuga punda maisha yake yote, alikuja kutujulia hali. Alipitia kwanza uani, akamwinua punda mguu, akautazama kwa makini. Kisha akaingia ndani.

"Mwanangu," alisema, "huyu hakukosa adabu. Wamchubua kidonda kila jioni, nawe wataka akubusu mkono?"

"Lakini babu, twamwosha tope!"

"Tope wamwondolea, maji wamwachia. Hayo maji ndiyo yamlayo."

Akatufunza. Tope la mguuni liachwe likauke, ndipo lipanguswe kwa brashi laini. Na ikibidi kuosha, mguu ukaushwe kwa kitambaa mpaka ndani ya manyoya. Vigaga visibanduliwe kwa nguvu. Mafuta yapakwe juu ya ngozi safi na kavu tu, kwani yakipakwa juu ya unyevu huufungia ndani. Kwato zichokolewe kila siku, maana uchafu ukikaa katika mifereji ya chini huozesha na kunuka. Zaidi ya yote, punda apate mahali pakavu pa kusimama. Tukamwaga kifusi na mchanga uani mpaka pakainuka, tukaezeka kibanda cha makuti. Kwa muda wa wiki mbili baba alikodi punda wa watu, na faida yote ikaishia humo; lakini wetu alipona.

Miaka kadhaa baadaye tulifika Lamu, ambako tangu mwaka 1987 pana zahanati ya punda itibuyo bila malipo, nasi tukaanza kutafuta elimu ya jambo lile. Tulijifunza kwamba asili ya punda ni punda-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu yenye mawe. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, na kwato zake hunyonya unyevu upesi. Kijidudu kimoja kiletacho vigaga hivyo, Dermatophilus congolensis, kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1915 huko Kongo. Huweza kukaa kimya katika ngozi. Ngozi ikirojeka kwa maji na kuchubuliwa na mchanga wa tope, huamka na kupenya. Kumbe kila jioni sisi tulikifungulia mlango kwa mikono yetu wenyewe.

Methali hatukuifuta, kwani ni urithi wa wazee na wanadamu wasio na shukrani wangalipo. Lakini siku hizi, tukisha kuieleza maana yake, huwauliza wanafunzi swali moja: huyo aliyepigwa teke, mkono wake ulikuwa umeshika wapi?