Maumbile na Makubaliano: Somo Litokalo Katika Nyuzi za Nuru

Kila tunapokagua mazoezi ya kufundisha, jibu moja fupi hutukera: "Ndivyo ilivyo." Mtoto wa darasa la nne huuliza kwa nini mita iwe na urefu ule na si mwingine, mwanachuo humjibu hivyo, kisha huugeukia ubao. Swali limezimwa, na mtoto amefunzwa kwamba vipimo vimeshuka kutoka mbinguni. Yafaa mwalimu aweze kutofautisha mambo ya maumbile na mambo ya makubaliano. Tutaieleza tofauti hiyo kwa mfano wa mikongo ya mawasiliano.

Mikongo ya baharini, kama ile iliyofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, husafirisha sauti, maandishi na picha kwa nuru ipitayo ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Uzi mmoja huchukua miali mingi kwa wakati mmoja, kila mwali ukiwa na urefu wake wa wimbi, yaani rangi yake. Jicho halizioni rangi hizo, kwa kuwa ziko ng'ambo ya wekundu wa upinde wa mvua. Huko ziendako hutenganishwa, kama vile prisimu itenganishavyo mwanga wa jua darasani.

Basi, je, mtengenezaji wa mtambo wa kupeleka akichagua rangi apendazo, na wa mtambo wa kupokea akachagua zake? Ujumbe utafika, nao hautapokelewa. Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lililoundwa Paris mwaka 1865 na lenye makao yake Geneva, lilitoa mapendekezo mawili mwaka 2002. La kwanza, G.694.1, laweka alama ya kuanzia kwenye mitetemo trilioni 193.1 kwa sekunde, yaani terahezi 193.1. Kutoka hapo huhesabiwa hatua zilizo sawa, kwenda juu na kushuka chini: gigahezi 100, au 50, au 25, au 12.5. La pili, G.694.2, laweka nafasi pana za nanomita 20.

Kwa nini ziwe pana? Rangi ya leza husogea joto linapobadilika. Leza isiyodhibitiwa joto ni rahisi kwa bei, lakini yahitaji nafasi ya kuyumba bila kumgonga jirani. Nafasi zikisongamana, sharti joto la leza lidhibitiwe, na gharama hupanda.

Hapa tutenganishe. Kusogea kwa rangi ya leza ni maumbile. Hakuna mkutano uwezao kukuzuia. Kuanza kuhesabu kwenye 193.1 ni makubaliano. Ushahidi ni huu: mwaka 2002 nafasi zile pana zilipangwa kuanzia nanomita 1270 hadi 1610, mwaka 2003 zote zilisogezwa kwa nanomita moja, zikawa 1271 hadi 1611. Watu walikubaliana, wakabadili. Hata hivyo makubaliano hayo si ya ovyo, kwani yamejengwa juu ya tabia za kioo na leza.

Mwanachuo hahitaji mitambo kulifundisha jambo hili. Zana zake ni kamba mbili za urefu mmoja na vibanio vya nguo. Makundi mawili ya wanafunzi, bila kuonana, yabane vibanio vitano kila kundi kwenye kamba yake. Kamba zikilazwa sambamba, vibanio havitalingana. Sasa wape fundo moja la kuanzia na kijiti kimoja cha kupimia, warudie. Safari hii vitalingana. Kisha uliza: "Je, tungeweza kuchagua kijiti kirefu zaidi?" Wataitikia kwamba ingewezekana, mradi makundi yote mawili yatumie hicho hicho. Hapo mtoto atakuwa amelijibu mwenyewe swali la mita.

Tunawashauri wanachuo wachore safu mbili katika andalio la kila somo la vipimo, moja ya maumbile na nyingine ya makubaliano, na kuzijaza kabla ya kuingia darasani. Swali la mtoto likija, mwalimu atajua liko safu gani, na atakuwa na la kumjibu.