Shoka Mkononi mwa Kijana

Sisi wakazi wa Igogo, hapa Mwanza, tunaoishi juu ya majabali, hupikia mkaa na gesi siku nyingi za mwaka. Lakini ikifika walima au maulidi, sufuria kubwa za pilau haziketi ila juu ya mafiga na kuni. Hapo vijana huitwa kupasua magogo, na aghalabu hukabidhiwa shoka wasilopata kulishika. Mwanetu ana miaka 14, naye ameitwa. Mmoja wetu alikataa kabisa, kwani mwaka jana uani kwa jirani chuma cha shoka kilichomoka mpinini kikapasua ndoo, hatua mbili kutoka alipoketi mtoto. Mwingine aliona kumficha kijana si kumlinda. Tukaafikiana kwa taabu: ataenda, ila baada ya kufunzwa.

Tulianza na mpini. Shoka la kiwandani lina tundu, mpini hupitishwa humo na kukazwa kwa kabari. Kabari ikilegea, chuma hupwaya. Wengi humu ufukweni hulilaza majini usiku kucha ili mti uvimbe. Dawa hiyo hatuiridhii, maana mti ukikauka hunywea, na chuma hutoka wakati hakuna anayetazamia. Shoka la mhunzi wa kienyeji ni jingine: chuma chake kina mkia unaopenya kichwa kinene cha mpini, na kila pigo huuzamisha zaidi. Hilo ndilo tulilompa kwanza.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Anas bin Malik, Mtume (s.a.w.) alipomtoa yule Ansari katika kuomba, alilitia shoka mpini kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamtuma akatafute kuni. Wasimulizi wengi hukimbilia dirhamu alizochuma mtu yule. Sisi tumesita kwenye mpini.

Makali nayo tuliyatia kwa tupa. Shoka butu ni la kuogopwa kuliko kali, kwa kuwa haliumi mti bali huteleza na kutafuta mguu. Kwa sababu hiyo kandambili tulizikataa, na kanzu ikawekwa kando hadi kazi iishe.

Kabla ya pigo, kijana hunyoosha mkono wenye shoka, akazunguka mahali pake. Panapofika chuma asiwepo mtu, na juu pasiwe na kamba ya nguo. Miguu huachana, imelingana, wala mmoja usitangulie. Kipande cha kuni husimamishwa juu ya kigogo kipana, upande wa mbali, ili pigo likikosea lizame katika kigogo. Kwetu kigogo ni lazima: ukipasulia juu ya jabali, makali humeguka na vipande huruka machoni. Kishoka cha mkono mmoja hutumiwa kwa kupiga goti, ili kikipita kiguse ardhi kabla ya paja. Na gogo lenye fundo huachwa, wala si aibu.

Siku tatu za mwanzo hakupasua ila vijiti vikavu. Ya nne alipasua nusu gogo la mwembe, na yule aliyekataa ndiye aliyekwenda kumletea maji. Dada yake wa miaka 11 sasa adai zamu. Tumempa tupa kwanza.