Uvimbe wa Goti Usikandwe

Katika daftari la sadaka la msikiti wetu hapa Nyamuswa, ambalo kuliandika ni dhamana yetu, nauli ya mgonjwa na gharama za sanda hukaa safu moja. Mwaka uliopita tuliitazama sana safu hiyo, kwa ajili ya kijana wa madrasa wa miaka 15 aliyevimba juu ya goti.

Wazee walisema ni mpira. Goti likakandwa kwa maji ya moto, likachuliwa, likachanjwa chale. Lakini maumivu ya mpira hupungua kwa mapumziko. Yake yalizidi usiku, naye amelala, na uvimbe ukaongezeka kila mwezi. Ndipo tabibu wa zahanati aliposhuku sarkoma, yaani saratani ya mifupa na nyama laini za mwili. Ni nadra, na kwa unadra wake hupita machoni pa wengi. Ile ya mfupa huwapata zaidi vijana walio katika kukua, hasa karibu na goti.

Tabibu yule, Allah amlipe, hakupasua wala kuchoma sindano. Alieleza kwamba uvimbe wa aina hiyo ukichokolewa ovyo, chembe zake huweza kuenea na kumharibia njia daktari wa upasuaji. Eksirei itangulie, kinyama cha kupimwa wakikate wale watakaomfanyia upasuaji. Kwetu hilo maana yake ni Musoma, kisha Bugando, Mwanza.

Kwa mama zetu wasemao “hauumi, hauna neno”: uvimbe unaokua, au uliozidi yai la kuku, au uliozama ndani ya nyama, au uliorudi baada ya kukatwa, uonwe na tabibu hata kama hauumi.

Barua ya rufaa ililala wiki tatu chini ya godoro kwa kukosa nauli. Tulipopendekeza kamati ilipe mara moja kila barua ya namna hiyo, mzee mmoja akauliza kama tutapeleka kila jipu Mwanza. Ni kweli, vivimbe vingi ni mafuta tu, havina madhara. Lakini barua haiandiki msikiti, huiandika tabibu. Pendekezo lilipita kwa kura moja.

Kijana alitibiwa kwa dawa, na mguu ukakatwa. Sasa huswali safu ya pili, juu ya kiti, na tunatafuta magongo mengine, kwani yale ya kwanza yamekuwa mafupi. Anarefuka.