Alama za mmoja, lawama za watano

Wazazi tukizungumzia michezo ya kompyuta, aghalabu tunahesabu saa. Kijana amecheza kwa muda gani, amelala saa ngapi, stima imeliwa kiasi gani. Mimi naona kuna jambo jingine linalostahili kuulizwa kwanza, nalo ni alama.

Mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu, anaishi nasi hapa Umoja, Nairobi. Ana adabu zake. Akitumwa dukani huenda bila kununa. Lakini usiku akiketi mbele ya kompyuta, namsikia akimwita mjinga mtu asiyemjua, aliye Ulaya, ambaye naye amekwisha kumtukana kwa Kirusi. Matusi ya Kirusi ameyajua kabla ya kujua salamu za lugha hiyo!

Mchezo wenyewe ni Dota 2, uliotolewa rasmi mwaka wa 2013 na Valve, kampuni ya Marekani. Watu watano hupambana na watano, kila mmoja akiongoza shujaa wake, hadi upande mmoja ubomoe ngome ya mwingine. Mechi moja huweza kula dakika 40 au zaidi. Katika mechi za kuwania daraja, programu ndiyo inayochagua nani acheze na nani, hivyo kijana anayeingia peke yake huunganishwa na watu wanne ambao huenda asikutane nao tena maishani. Wakishinda, kila mmoja huongezewa alama kama 25. Wakishindwa, hupunguziwa kiasi hicho. Alama hizo ndizo zinazompa medali, na medali zina madaraja manane, kutoka Herald hadi Immortal.

Kumpima mchezaji kwa nambari moja ni desturi ya sataranji. Arpad Elo, profesa wa fizikia huko Marekani, alibuni hesabu ambayo shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kuitumia mwaka wa 1970. Katika sataranji ukishindwa, umeshindwa wewe. Hakuna wa kunyoshewa kidole. Katika Dota nambari ni yako peke yako, ilhali hupatikana au hupotea mikononi mwa watu watano. Ndiyo sababu mgeni aliyeteleza haonekani kama mwenzako. Anaonekana kama mwizi aliyetia mkono mfukoni mwako.

Tena ukipanda daraja, unatafutiwa wapinzani wakali zaidi, mpaka ufike pahali unaposhindwa karibu nusu ya mechi zako. Hiyo si njama wala bahati mbaya; ndivyo hesabu yenyewe ilivyokusudiwa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini wahenga walicheza na majirani. Aliyekuudhi leo ulikutana naye kesho kisimani, ikabidi msalimiane.

Novemba mwaka jana stima ilipotea mtaani mechi ikiwa katikati. Kompyuta ya mpwa wangu, ambayo betri yake ilikufa zamani, ikazimika papo hapo. Mchezo haujui giza la Umoja. Uliandika kwamba ametoroka, ukampokonya alama na kumtupa kwenye foleni ya watoro, ambako ni lazima ushinde mechi kadhaa ndipo usamehewe. Usiku ule hakula. Siku mbili baadaye alikuwa na mtihani, na hakufungua daftari. Alikuwa akihangaika kurudisha alama. Nilipomwambia apumzike alinijibu, "Mjomba, wakiona medali imeshuka watasema sijui kitu." Akina nani? Wenzake wa chuo, watu sita au saba.

Wanaolipwa kucheza hubeba mzigo mzito zaidi. Katika mashindano makuu ya Dota, The International, yaliyofanyika Bucharest mwaka wa 2021, jumla ya zawadi ilizidi dola milioni 40. Mfano ninaoupenda lakini ni timu ya OG ya mwaka wa 2018. Wachezaji wao wawili waliwahama miezi michache kabla ya mashindano hayo. Kocha, Sébastien Debs, akarudi kucheza, akaitwa pia kijana wa Finland, Topias Taavitsainen, ambaye hakuwa na jina kubwa. Walianzia mchujo wa wazi, wakachukua ubingwa Vancouver, wakaurudia Shanghai mwaka wa 2019. Si malaika hao. Shanghai waliwakera wapinzani kwa sauti za kejeli. Lakini kejeli zilielekezwa ng'ambo ya pili, si kwa mwenzao aliyekosea.

Valve nayo imeweka alama ya mawasiliano kwa kila mchezaji. Ikishuka mno, hunyamazishwa asiweze kuwaandikia wenzake. Ni dawa nzuri ya kelele. Shinikizo lenyewe, sidhani kama inaligusa.

Nyumbani kwetu kilichosaidia ni kitu kidogo. Vijana wanne wa darasa lake walikubali kuingia pamoja naye, wakawa watano wanaojuana. Mechi wanazoshindwa hazijapungua. Ila anayekosea sasa ana jina, na kesho yake watakaa benchi moja darasani. Jumamosi iliyopita walipoteza tatu mfululizo, nikamsikia akimwambia mmoja wao, "Hiyo ni yangu, nilikuacha peke yako." Wenzake wakienda kulala, hata hivyo, bado yeye huingia na wageni, maana anaitaka ile medali inayofuata.