Sehemu ya 9: Bakuli la kitindamimba

Leo naandika kama mama kwanza, nesi baadaye.

Mnajua mwanzo wa mwezi nina ripoti za MTUHA. Hapa Kiranjeranje kazini hapatulii, kwa hiyo nazijazia nyumbani. Saa saba wanangu watatu: "Mama, njaa!" Napakua ugali na samaki wa nazi kwenye sinia moja, nawaambia kuleni, narudi kwenye madaftari. Sinia likirudi jeupe najua wameshiba.

Juzi nikampima kitindamimba, mwaka mmoja na miezi minane. Uzito uleule wa mwezi uliopita, na wa mwezi juzi. Mstari kwenye kadi umelala! Na mimi ndiye ninayewauliza akina mama, "Mtoto anakula nini?" Jamani, niliona aibu.

Kumbe yeye akipuliza tonge la kwanza, kaka zake wako la tano.

Sasa ana bakuli lake. Kikombe cha mililita 250 kila mlo, mara 3 mpaka 4 kwa siku, na katikati ndizi au uji wenye ufuta wa kusaga. Samaki namtoa miba mwenyewe, nakaa naye mpaka amalize. Ripoti inasubiri robo saa, haiozi.

Sisemi tuache sinia. Ila huyu mdogo mpe chake, ujue kala kiasi gani.

Leo mchana hebu mwangalie wa kwako. Mimi wangu nampima tena mwezi ujao, nitawaambia.