Gharama ya Kusikilizwa: Maumivu Sugu Norwei na Mbulu

Katika nchi ya Norwei, ambako nimejaaliwa kuishi na kufanya kazi, mtu aliyeumwa mgongo mwaka mzima na zaidi, akapigwa picha na kupewa vidonge wala asipate nafuu, aweza kupelekwa na daktari wake wa familia kwenye kliniki ya maumivu, na huko, pamoja na tabibu na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, humkuta mwanasaikolojia. Watu wa kwetu wafikishwapo mlangoni pake aghalabu hushtuka, wakidhani wameambiwa kwa adabu kwamba maumivu yao ni ya kubuni. Sivyo hata kidogo. Tangu wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walipotangaza mwaka 1965 nadharia yao ya kwamba uti wa mgongo una mfano wa lango lipitishalo au lizuialo habari za maumivu ziendazo ubongoni, elimu ya utabibu imezidi kukubali kwamba hofu, huzuni, kukosa usingizi na dhiki za maisha huyazidisha maumivu ya kweli katika mwili wa kweli, na kwamba mishipa ya fahamu yaweza kuendelea kutangaza hatari hata baada ya jeraha lenyewe kupona.

Kazi ya mwanasaikolojia huyo si kumliwaza mgonjwa kwa maneno matamu. Humfundisha kugawa kazi zake kwa kipimo, ili siku ya nafuu asifanye yote kwa pupa kisha akalala siku tatu; humsaidia kuitambua hofu inayomzuia kuinama, ambayo kwa kuzuia mwendo huudhoofisha mwili na kuongeza maumivu yale yale; humrudisha taratibu kwenye mambo aliyoyapenda na kuyaacha. Manufaa ya tiba hii sharti yasemwe bila kutiwa chumvi. Mapitio ya utafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2020 juu ya tiba za saikolojia kwa maumivu sugu, yaliyokusanya majaribio 75 yenye washiriki zaidi ya 9,000, yaliona kwamba tiba ya kurekebisha fikra na mwenendo, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, huleta nafuu ndogo. Ni ndogo, lakini ipo; na aliyeishi na maumivu miaka kumi haidharau nafuu ndogo.

Sasa tuje kwenye fedha. Norwei si nchi ya kutibiwa bure kama wengi nyumbani wanavyoamini. Mgonjwa hutoa mchango wake kila amwonapo daktari au mwanasaikolojia aliye katika mkataba na serikali, lakini michango hiyo imewekewa kikomo cha mwaka, ambacho mwaka 2024 kilikuwa kroni 3,165, yaani zaidi ya shilingi laki saba za Tanzania. Akishakifikia, hulipiwa na hazina ya umma hadi mwaka uishe. Asiyetaka kungoja foleni, ambayo yaweza kuchukua miezi mingi, humwendea mwanasaikolojia wa binafsi asiye na mkataba, na huko saa moja humgharimu zaidi ya kroni 1,000, bila kikomo chochote cha kumhifadhi. Hata katika nchi tajiri, basi, kinachoifanya tiba hii imfikie mchukuzi na mfagiaji si wingi wa mali peke yake. Ni ule uamuzi wa watunga sheria kwamba maumivu ya mtu yasile mshahara wake wote.

Shangazi yangu, mkulima wa vitunguu saumu upande wa Dongobesh, wilayani Mbulu nchini Tanzania, anaumwa mgongo ule ule kama wa jirani yangu wa huku, na mtu akimwuliza tiba yake imegharimu kiasi gani hawezi kutaja jumla, kwa sababu fedha zimetoka kidogo kidogo katika mifuko mingi: vidonge vya diklofenaki vya duka la dawa, picha ya mgongo iliyopigwa katika mji wa mbali, nauli yake na ya mpwa aliyemsindikiza, dawa za miti shamba, kibarua aliyepalilia shamba akiwa yeye kitandani. Sisi tulio ughaibuni tumelipia sehemu kubwa ya hayo kwa simu, na hatukuona uzito, maana kidonge na picha ni vitu vionekanavyo. Lakini lau angetuomba nauli ya kwenda kuzungumza na mtu juu ya maumivu yake, kila wiki, kwa miezi miwili, nina hakika tungeitana kwenye kikao cha ukoo kumwuliza kama ana akili timamu.

Na angekwenda wapi? Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei hiyo hiyo, inayo huduma ya afya ya akili, jambo la kushukuriwa sana katika wilaya ya wakulima na wafugaji. Ila tiba yenye kurudiwa ina adui wake, naye ni barabara. Ujira wa mtaalamu ungefutwa wote, bado ingebaki nauli ya kwenda na kurudi, siku ya shamba iliyopotea, na pengine malazi. Na mgongo wenyewe, uliotikiswa ndani ya gari katika matope ya masika, ungefika ukiuma kuliko ulivyoondoka. Huku Norwei mgonjwa akishindwa kusafiri huonana na mtaalamu wake kwa video. Kule kwetu Mbulu bonde moja tu laweza kumnyima mtu hata mtandao wa simu.

Asidhani mtu kwamba naongea juu ya maradhi ya wachache. Watafiti wa maradhi ya mishipa ya fahamu walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyohudumiwa na Haydom, wakahoji watu zaidi ya 7,000 juu ya maumivu ya kichwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 na 2010 yalionyesha kwamba kipandauso kimo katika nyumba za Mbulu, tena wanawake waliokuwa nacho walikaribia mara tatu ya wanaume. Kisha ikaja tarehe 3 Desemba 2023, pale tope na mawe vilipoporomoka kutoka Mlima Hanang, katika wilaya jirani, vikaifukia sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki na wengi wakajeruhiwa. Serikali iliamua kubeba gharama za mazishi na matibabu, na maafisa wa ustawi wa jamii walifika kuwapa manusura nasaha. Kwa hiyo imekwisha kukubalika, katika wilaya hiyo jirani, kwamba kusikilizwa ni tiba na hazina ya umma yaweza kuigharamia. Tatizo ni kwamba msiba huwa na siku zake, nao mguu uliovunjika hauzijui siku hizo. Mtu aliyefiwa na watoto, mwenye nyonga iliyoungwa vibaya, alalaye akisikia mvua na kuamka akiumwa kuliko jana, ndiye hasa aliyekusudiwa na elimu hii, na haja yake haikuisha siku za msiba zilipokwisha.

Siamini kwamba dawa ya jambo hili ni kungoja hadi kila wilaya ipate mwanasaikolojia wa shahada. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, tabibu Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa wa huzuni kwenye mabenchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilithibitisha kwamba wagonjwa walipata ahueni. Ile ilikuwa tiba ya huzuni wala si ya mgongo, na maumivu yangehitaji mafunzo ya ziada, lakini kugawa kazi kwa kipimo, kuondoa hofu ya mwendo na kutengeneza usingizi si mambo yanayomshinda muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji aliyefundishwa vema na kusimamiwa. Tena Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, ni watu waliozoea kuyapa maneno kazi. Katika slufay, ile dua ndefu ya wazee, mmoja hunena na jamaa wote huitikia, na hakuna anayeuliza kwa nini watu wazima wametumia alasiri yao kusema.

Na kuhusu malipo: kwa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa wa Tanzania, kaya ya watu wasiozidi 6 ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na Bunge limekwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaopanga kitita cha mafao ya bima hiyo ningependa waandike ndani yake, kwa jina lake, unasihi wa maumivu sugu utolewao katika zahanati na vituo vya afya, na walipe muda wa muuguzi kama wanavyolipa kidonge. Nasi wa ughaibuni, ambao kwa pamoja tumekwisha kulipia picha nyingi za migongo, tuanze kwa kuchangia mafunzo ya muuguzi mmoja wa Dongobesh na mmoja wa Katesh, na nauli za wagonjwa wao wa mwanzo. Nimekwisha kulipeleka shauri hili kwa ndugu zangu, na kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mgumu kuliko wote katika habari za fedha, ameuliza mafunzo hayo yatachukua muda gani.